Nilivyolisafisha Tumbo Kabla ya Kulipeleka Kupimwa

Mpendwa mdogo wangu Jerida,

Nisamehe kwa kunyamaza. Kwa mwaka mmoja na miezi minne hukupata barua kutoka kwangu, na kila uliponipigia simu nilikujibu kwa haraka kwamba mimi ni mzima, nina shughuli, nitakupigia baadaye. Haikuwa kweli. Nilikuwa na saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, na sikukuambia kwa sababu niliona haya kupataja mahali penyewe. Nimefundisha darasani miaka thelathini na minne. Nimewasimamisha watoto wa watu mbele ya wenzao kwa kusema "kile kitu" badala ya kukitaja. Mwisho wake mimi mwenyewe nikamwambia daktari kwamba ninaumwa "huko nyuma".

Barua hii naiacha wazi, isomwe na yeyote atakaye, kwa kuwa najua wako wengine hapa mtaani Kawangware na kule mtaa wa Lindi tulikoishi zamani wanaoona damu chooni na kujiambia kuwa ni bawasiri. Lakini nimeiandika kwako. Jumatano ijayo nitatakiwa kumjibu daktari ikiwa nitafanyiwa upasuaji au nitasubiri, na jibu hilo linakugusa wewe pia. Nitakueleza kwa utaratibu.

Unakikumbuka chumba chetu cha Lindi? Mlango ulifunguka nusu tu, kwa sababu kitanda kilikuwa nyuma yake. Wewe uliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga za kienyeji hapo mlangoni, mimi nilikwenda kufundisha, na plot nzima, yaani wapangaji wote wa ua ule, ilitumia choo kimoja. Nilikiogopa choo kile kuliko nilivyowaogopa wezi. Nikaweka sheria. Maji yalichemshwa mara mbili. Mikono ilioshwa hadi kwenye viwiko. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tulimeza dawa ya minyoo, na tumbo la mtu lilipotoa sauti tu, nilimpeleka kwa muuza dawa wa pale kwenye kona, akatuuzia zile kapsuli za rangi mbili zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Majirani waliniita Mwalimu Sabuni, nami sikuchukia. Wewe ulikuwa ukicheka tu. Siku moja uliniangalia nikirudisha sufuria jikoni mara ya pili, ukasema, "Dada, wewe hata hewa utachemsha."

Chini ya kitanda kile ulikuwa na chungu chako cha uji. Hukukiosha hadi kikatakata. Ulibakiza uji kidogo chini yake ili uchachushe mwingine, kama alivyofanya Mama. Mimi nilikivumilia kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukipika.

Tulipohamia Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, nilipata vyumba viwili na nikajiona nimefika. Juma la kwanza, ukiwa umekwenda sokoni, nilikimwaga chungu chako mtaroni, nikakisugua kwa mchanga na sabuni, nikakianika juani. Nilidhani ninakufanyia hisani. Uliporudi ulikiinua, ukakinusa. Hukugomba. Ulisema tu, "Ile chachu ilitoka kwenye chungu cha Mama." Nikakujibu kwamba chachu ni chachu, ungeanzisha nyingine. Hukuanzisha nyingine. Miaka miwili baadaye ulirudi nyumbani kumtunza Mama, na jambo hilo hatukulizungumza tena. Nakuomba msamaha leo. Nilipaswa kukuuliza kwanza.

Sasa nikueleze ugonjwa. Ulianza kwa damu kidogo. Nikasema ni amiba, nikanunua kapsuli. Damu ikapungua kwa siku chache, kisha ikarudi. Nikasema ni taifodi, nikanunua kapsuli nyingine. Nilifanya hivyo kwa miezi saba, Jerida. Muuza dawa wa mtaa wetu hakuniuliza kitu. Nilimnong'oneza tu neno "tumbo", naye akanihesabia. Nilipofika mahali ambapo sikuweza kuketi kwenye kiti cha kanisa hadi mahubiri yaishe, ndipo nikaenda hospitali. Daktari alinipima kwa kidole, na kidole hicho kilijua kwa dakika moja jambo ambalo mimi nilikuwa nimelikwepa kwa zaidi ya nusu mwaka. Kipande kidogo cha uvimbe alioukuta kikapelekwa maabara, na jibu likaja.

Mpango wao ulikuwa huu: nipigwe mionzi kwa majuma matano huku nikimeza vidonge, kisha nitiwe dawa za mshipani kwa miezi kadhaa, halafu watazame uvimbe umefikia wapi kabla ya kuzungumzia kisu. Nilikubali. Napenda mpango ulioandikwa.

Kabla sijaanza, msichana mmoja aitwaye Naliaka, anayefanya kazi ya utafiti pale hospitalini, alinijia nikiwa kwenye benchi. Alikuwa na kikopo chenye kifuniko cha buluu na kijiko kidogo ndani yake. Alinieleza kwamba wagonjwa wa saratani hii hupewa matibabu yaleyale, lakini hawapokei kwa namna moja: uvimbe wa huyu unayeyuka, wa yule haubanduki. Wanachunguza kama bakteria wanaoishi matumboni mwetu wanachangia tofauti hiyo. "Mwalimu, tunaomba tu choo kidogo," alisema. "Tuangalie ni bakteria gani wako huko, na kama wanasaidia dawa ama wanaisumbua." Alinipa karatasi ya kutia sahihi. Niliisoma yote, nikasahihisha makosa mawili, nikatia sahihi.

Ndani ya karatasi hiyo mlikuwa na mstari uliosema nisitumie antibiotiki yoyote kabla ya kuleta kile kikopo. Niliusoma. Lakini kapsuli za rangi mbili sikuwahi kuziweka katika kundi hilo. Kwangu zilikuwa dawa ya kusafisha tumbo, basi, kama vile sabuni si dawa. Nami nilikuwa nimeombwa niwapelekee watu waliosoma kitu kilichotoka tumboni mwangu. Wewe unanijua. Wakaguzi walipokuja shuleni tuliosha hata mawe ya kando ya njia. Ningewezaje kupeleka kitu kichafu? Nilimeza kapsuli kwa siku tatu, nikanywa na dawa ya kuharisha, na siku ya nne nikakijaza kile kikopo, nikakifunga ndani ya kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe, nikakibeba kwenye kikapu.

Naliaka alinipokea kwa adabu. Alikuwa na orodha ya maswali, na mojawapo lilihusu dawa nilizomeza majuma hayo. Nilimjibu kwa fahari, mbele ya benchi zima, kwamba nimelisafisha tumbo kwa siku tatu na nimewaletea kitu safi. Aliweka kalamu chini.

"Ai, Mwalimu," alisema. "Hao umeua ndio tulikuwa tunatafuta."

Kwenye benchi lile alikuwapo mwanamume mmoja, Ouma, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Lindi, ambaye alikuwa akianza matibabu juma lilelile pamoja nami. Alicheka hadi akashika mbavu. "Mwalimu amefagia mpaka mashahidi," alisema, na watu wasionijua wakaanza kucheka. Nilimtazama kwa lile jicho la darasani. Halikumfanya chochote. Baadaye nilicheka na mimi, lakini siku hiyo sikucheka.

Daktari wetu ni mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Yeye hakucheka. Aliniuliza nimekuwa nikizimeza kapsuli hizo tangu lini, nikamwambia tangu ujana. Aliniuliza pia tulikula nini utotoni, nami nikajikuta nikimsimulia juu ya mboga ya mrenda, maziwa ya kuganda, na kile chungu chako. Alinieleza kwamba tumboni mwa mtu mna bakteria wengi mno, kwamba wengi wao hawana ubaya, na kwamba antibiotiki haichagui; inaua na wale wanaotufaa. Wengine wanaweza kuibadilisha dawa ya saratani ikiwa bado ndani ya utumbo. Wengine wanaonekana kuuamsha ulinzi wa mwili, na wengine kuulaza. Yote hayo, alisema, bado yanatafutiwa uhakika.

Nilimuuliza bila kuzunguka kama nilikuwa nimejiharibia matibabu yangu.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Na yeyote atakayekuambia anajua, muulize amejuaje."

Nilimheshimu tangu hapo. Aliniagiza nisimeze hata kidonge kimoja bila kumwambia, na matibabu yakaanza siku hiyohiyo, kwa kuwa ugonjwa haukuwa wa kungojewa. Kikopo changu cha kwanza kilitupwa. Nilipeleka vingine baadaye, katikati ya matibabu na mwisho wake, bila kusafisha chochote, na Naliaka akavipokea kama mtu anayepokea mtihani uliofanywa vizuri.

Sitakuficha kwamba mionzi ilikuwa kazi ngumu. Majuma ya mwisho niliketi upande mmoja kama mtu anayetega sikio mlangoni. Niliharisha. Nililala mchana, mimi ambaye hulala mchana kwa nadra hata nikiwa na homa. Lakini sikukosa siku hata moja, na sikununua kapsuli hata moja, ingawa tumbo lilinipa sababu kila siku. Muuza dawa aliponiona nikipita bila kuingia, aliniuliza kama nimehama.

Ouma naye hakukosa siku. Tulipigwa mionzi kwa mashine moja, tukatiwa dawa zilezile, na tuliketi pamoja mara nyingi kuliko nilivyowahi kuketi na mtu asiye wa ukoo wetu. Huyu bwana hajawahi kuchemsha maji maishani mwake. Amekula omena tangu utotoni huko ziwani, na kapsuli za rangi mbili alizimeza mara chache tu, kama alivyoniambia nilipomhoji. Kwa hesabu yangu yeye ndiye aliyestahili kupona vizuri, na mimi niliyeua kila kilicho hai ndani yangu nilistahili kushindwa. Ikawa kinyume. Uvimbe wake ulikataa. Wangu uliyeyuka.

Nilipoziona picha zetu mbili nilimwendea daktari na swali hilo, maana lilininyima utulivu. Alinijibu kwamba watu wawili si jibu, na kwamba ndiyo sababu Naliaka anakusanya vikopo vya watu wengi, na vya mara nyingi, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo, Jerida, sikuandikii kusema kwamba uji wako ungenikinga, wala kwamba kapsuli ndizo zilizonitia saratani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Ukimsikia mtu kanisani akisema kwamba uji uliochachuka unaponya saratani, mwambie kwamba dada yako, aliyemwaga chungu kizima, hawezi kumuunga mkono.

Ouma alifanyiwa upasuaji. Kwa kuwa uvimbe ulikuwa chini sana, hawakuweza kuunganisha utumbo tena, kwa hiyo kinyesi chake sasa hutokea kwenye tundu tumboni na kuingia ndani ya mfuko uliobandikwa. Ni wa maisha yake yote. Nilikwenda kumwona Lindi zaidi ya miezi mitatu baada ya yeye kutoka hospitali, nikiwa nimejitayarisha kumfariji. Alinifungulia shati bila kuniuliza kama nataka kuona.

"Mwalimu, mimi siku hizi sipangi laini ya choo," alisema. "Majirani wanagongana huko nje asubuhi, mimi niko na yangu hapa kiunoni."

Mkewe alimwambia aache ujinga mbele ya wageni. Ouma alifunga vifungo polepole, kisha akasema kwa sauti nyingine kwamba mwezi wa kwanza alilia kila alipoubadilisha mfuko, na kwamba mwezi wa tatu alirudi kazini akiwa na aproni ya ngozi juu yake. "Unazoea," aliniambia. "Sio ati unapenda. Unazoea." Nilikunywa chai yangu. Niliinuka pale nikiwa na hofu ndogo kuliko ile niliyoingia nayo.

Sasa nafika kwenye uamuzi wangu. Mwezi uliopita daktari alinitazama kwa kamera na kwa picha ya mashine kubwa. Alisema haoni uvimbe. Anaona kovu. Inawezekana hakuna kitu chini ya kovu hilo, na inawezekana kipo kidogo kisichoonekana. Njia ni mbili. Ya kwanza ni upasuaji, wanaondoa sehemu yote, nami napata mfuko kama wa Ouma, wa kudumu. Ya pili ni kusubiri kwa macho wazi: kila baada ya miezi mitatu nirudi nitazamwe, kwa miaka miwili au zaidi, bila kukosa hata mara moja, na uvimbe ukionekana tena, nifanyiwe upasuaji wakati huo. Nilimuuliza kama wale bakteria walioko kwenye vikopo vyangu wanaweza kumwambia ni njia ipi. Alisema bado, labda siku moja watawasaidia wajukuu zetu. Jumatano atanitazama kwa mara nyingine. Akiona kovu limebadilika kwa ubaya, hatutakuwa na mjadala. Likiwa vilevile, atanigeukia na kuniuliza, nami nitajibu.

Unaiona mara moja shida inayokuhusu. Nilikuahidi kwamba nikistaafu ningekuja nyumbani. Uliipiga lipu ile nyumba ya vyumba viwili, ukapanda mboga nyuma yake, ukaniwekea kitanda upande wa dirisha. Nikichagua kusubiri, siwezi kuja. Hospitali yenye mashine ile iko huku, na miezi mitatu si muda wa mtu kwenda na kurudi akiwa na umri wangu na kuuita huo makazi. Nitabaki Kawangware miaka miwili mingine, na wewe utaendelea kukitandika kitanda ambacho hakilaliwi. Nikichagua kisu, nitapona, nitajifunza kuubadilisha mfuko, na nitakuja. Lakini nitakuja hivyo.

Nimejichunguza, Jerida, na nimeona kwamba mfuko wenyewe siuogopi tena. Kinachonisumbua ni kingine. Maisha yangu yote nimechagua kuua kila kitu ili niwe na hakika. Maji, wadudu, chungu chako. Kisu kinanivutia kwa sababu hiyohiyo: kinaondoa shaka, au walau kinaipunguza sana. Na sasa, katika uzee, ninaambiwa kwamba huenda njia nzuri ni kuuacha mwili wangu ulivyo, na kuishi miezi mitatu mitatu bila kujua. Sikufundishwa hivyo, wala sikumfundisha mtu hivyo. Lakini naweza kujifunza. Nimejifunza mengi mwaka huu nikiwa mwanafunzi wa msichana mwenye vikopo. Kwa hiyo usinionee huruma. Nitaamua vizuri, iwe ni hili au lile, na nitasimama na uamuzi wangu.

Sitaki uje. Njia ni ndefu, nawe utaanza kulia kabla hujaketi, na mimi ndimi nitakayelazimika kukubembeleza. Wala sitaki uniamulie. Nataka unijibu jambo moja kabla ya Jumatano, kwa simu, na safari hii nitaipokea na kukaa kwenye laini hadi umalize. Nikija na mfuko, je, utaweza kuketi nami mezani kila siku bila kunionea kinyaa, na bila kunificha kwa wageni? Na nisipokuja, je, utakitumia kitanda kile kwa mtu mwingine, usinisubiri? Nijibu kwa ukweli. Ukisema hapana kwa lolote kati ya haya, sitakasirika. Sikuwahi kukuuliza maswali kama haya, nami najua kwamba nilipaswa kuyauliza zamani. Usinijibu kwa upole kwa sababu mimi ni mgonjwa. Mimi si mgonjwa sana kiasi hicho.

Jumatano saa nne nitaingia kwa daktari. Sitamjibu kabla sijakusikia. Nikishamjibu, nitakuandikia siku hiyohiyo, na uamuzi utakuwa kwenye mstari wa kwanza, usihangaike kuutafuta. Barua ikiwa fupi, usidhani kwamba ni mbaya. Nitakuwa nimechoka tu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Kawangware